Mkono ulioamshwa na pembe ya vugo

Kila nikipita njia kuu hapa Langoni, Lamu, na kapu mkononi lazima nipate wa kunisimamisha. "Mama, mashallah, mkono ushapona, ulitumia dawa gani?" Na mimi huwa sifichi, namwambia dawa za presha nameza mpaka leo, dua nimesomewa na nazisoma mwenyewe, mazoezi ya hospitali niliyafanya na bado nayafanya. Alafu namwambia na hili jingine, hapo ndo wengi hutabasamu wakidhani nawatania, lakini sitanii hata kidogo: mkono wangu wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yangu, vilivyochukuliwa na kiharusi, vimerudi kwa kupiga vugo, ile ngoma yetu ya pembe ya harusini. Kupiga, sio kusikiliza. Kukaa chini, kushika kijiti, kugonga pembe na wenzangu mpaka jasho linitoke.

Sasa kwa vile maswali ni mengi na kila mtu namueleza kipande kipande njiani huku punda wanatusukuma ukutani, nimeona niandike yote mara moja, manake najua pwani hii kuna nyumba nyingi sana saa hii zina mtu kalala upande mmoja hausikii, na watu wa nyumbani washakaa kusubiri tu.

Mimi kazi yangu ni kushona kofia za mkono. Anayezijua anajua, ile sio ya cherehani, unachora, unatoboa tundu moja moja, unaizungushia uzi kila tundu, na kofia moja ikiwa ya kazi safi inaweza kula miezi. Kwa hivo mkono wangu wa kulia ukisimama, na jikoni kunasimama.

Kiharusi kilinipata asubuhi nikimimina chai. Kikombe kikaanguka, nikainama kukiokota, mkono hauendi. Binti yangu akaniuliza "Mama vipi?" nikataka kumjibu, kilichotoka mdomoni sijui ni kitu gani, na yeye kunitazama akaona uso umepinda akapiga ukelele majirani wote wakaja. Hapa niseme kitu kabla sijaendelea: ukimuona mtu uso umeshuka upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, usikae ukasema ni upepo umempitia, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, manake ubongo unakosa damu na kila dakika inayopita kuna sehemu inakufa. Mimi nilihudumiwa hapa kwanza, alafu nikavushwa na boti mpaka Mokowe, toka hapo ni gari, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa kupigwa picha ya kichwa. Daktari akatuonyesha, damu iliganda ikaziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Na upande wa kushoto ndo unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi maneno pia yanatengenezwa huko huko kushoto. Kwa hivo mimi vilienda vyote viwili.

Nikarudi nyumbani na mpira wa kubana, na karatasi ya mazoezi. Mazoezi yale ni ya haki kabisa na sitaki mtu asome hapa alafu aende akayaache, yule dada aliyenifundisha alinisaidia sana. Lakini ntasema vile ilivyo. Unakaa chumbani unaubana mpira, vidole havifungi. Unabana tena, havifungi. Ule mpira haukwambii kitu, leo na jana kwake ni sawa, na wewe mwenyewe huoni tofauti, unafika mahali unautazama tu uko juu ya mto na wewe uko hapa.

La maneno lilikuwa zito zaidi. Watu hudhani mtu asiyeweza kusema hajui. Nlikuwa najua! Naona kijiko, najua ni kijiko, nataka kijiko, na neno nalihisi liko pale pale, lakini limekwama kama jahazi lililopwelewa juu ya fungu. Nikilazimisha linatoka jingine, nasema "mlango", binti yangu anaenda kufunga mlango, mimi nabaki nalia kwa hasira. Wageni wakija kunitazama wanazungumza juu yangu mbele yangu, "masikini, anasikia kweli huyu?" na mimi nasikia kila kitu. Ikafika siku sitaki tena mtu aje.

Alafu kukawa na harusi nyumba ya pili. Kwa wasioijua, vugo ni ngoma ya wanawake ya harusi, kila mmoja ana pembe mkono mmoja na kijiti mkono mwingine, wanaimba na kugonga kwa pamoja, na zile pembe zikiwa nyingi sauti yake inapenya kuta za mawe mpaka ndani kabisa. Nlikuwa nimekaa na binti yangu chumbani dirisha wazi. Wakaanzisha wimbo ambao mimi nimeuimba tangu nikiwa kigori, na mdomo wangu ukafunguka nikaimba. Sio kuguna guna, nikaimba msitari mzima na maneno yake yote, na kibwagizo, na msitari wa pili. Binti yangu akaangusha simu. Akaniambia "Mama sema tena, sema, niite jina langu," nikajaribu kumuita jina, hakuna. Wimbo ukirudi, naimba. Wimbo ukikata, bubu.

Nyumbani kila mtu alilitafsiri lake. Lakini tuliporudi kliniki yule dada wa mazoezi wala hakushangaa, akatwambia hilo linajulikana siku nyingi, kwamba kusema na kuimba ubongo hauvipiti njia moja, kusema kunategemea sana upande wa kushoto na kuimba kunautumia upande wa kulia zaidi, na mimi wa kulia ulikuwa mzima. Na sio hivo tu, akasema mwaka 1973 kule Boston, Marekani, madaktari walitengeneza tiba kamili kwa msingi huo huo: mgonjwa haambiwi aseme, anaambiwa aimbe kile anachotaka kusema, kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto unagonga kila silabi. Na-ta-ka ma-ji. Na-u-mwa ki-chwa. Polepole wimbo unapunguzwa mpaka inabaki kuwa kusema. Baadaye nikaja kusoma kwamba Gabrielle Giffords, yule mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa mwaka 2011, na yeye maneno yalimpotea na muziki ulikuwa sehemu ya matibabu yaliyomrudishia.

Nataka mlitazame vizuri hilo la mkono kugonga. Sio pambo. Mkono ndo unaoivuta silabi itoke. Mimi mwenyewe nimelijaribu, nikiimba bila kugonga neno linakuja mara moja moja, nikigonga paja langu linakuja mara nyingi zaidi. Na ndo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli, niligonga meza nikaliita jina la binti yangu kwa silabi tatu, na yeye alikuwa amenipa mgongo anachambua mchele.

Sasa aliyenichukua kutoka hapo ni shangazi yangu. Yeye ni mtu mzima sana, amepiga vugo katika harusi za mji huu tangu ujana wake, kusoma hakusoma zaidi ya chuo cha Qur'ani, na hajasikia habari ya Boston. Alikuja alasiri moja akakaa kwenye mkeka akanitazama, akasema, "Mkono huo umelala, haukufa. Njoo ukae hapa." Akatoa pembe mbili kwenye mkoba. Zilikuwa za ng'ombe, kutoka bucha, zimechemshwa zikasafishwa, manake za nyati siku hizi ni tabu, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na ukikutwa na pembe ya mnyama wa porini huna kibali ni kesi. Ya ng'ombe mlio wake ni mwembamba kidogo lakini kazi inafanya.

Vile alivyonifanyia ndo nataka kueleza taratibu, manake hapo ndo penye siri yote. Kwanza kijiti. Vidole vyangu vilikuwa havifungi, kwa hivo alichana ukanda wa leso kuukuu akanifunga kijiti na kiganja, sio kwa kukaza, kiasi tu kisianguke. Pembe hakunipa mimi, aliishika yeye, akaileta chini usawa wa magoti yangu, manake bega la upande wa kiharusi ukiliinua juu linauma na linaweza kuteguka, na hilo hospitali pia walikuwa washatukanya. Kwa hivo mimi sikuhitaji kuinua mkono, nlihitaji kuuangusha tu. Uzito wa mkono wenyewe unagonga.

Alafu akaanza kuimba. Wimbo wa zamani, wa polepole, ambao kila mwisho wa msitari pembe inagongwa mara moja. Akafika mwisho wa msitari, mkono wangu haujafika. Mtu mwingine angeendelea au angesema "haya gonga." Yeye aliivuta ile sauti ya mwisho, akaivuta, akaivuta, ananitazama machoni, mpaka kijiti changu kikafika, ko! Ndo akaingia msitari wa pili. Kwa hivo sikuchelewa. Kwa masikio ya mtu yeyote aliyekuwa barabarani, mimi niligonga pale pale panapotakiwa, manake wimbo wote ulinisubiri mimi. Sijui kama naeleza vizuri lakini tangu niugue kila kitu kilikuwa kinanipita, mazungumzo yananipita, watoto wananipita, na huyu mama alisimamisha wimbo mzima kwa ajili ya mkono mmoja mbovu.

Baada ya siku kadhaa akageuza. Yeye havuti tena, anaachia kidogo tu, mimi ndo niharakishe. Alafu akaongeza kugonga kuwa mara mbili kwa msitari. Alafu akahamisha pembe kidogo upande wa kulia ili nijinyooshe kuifikia. Alafu siku moja akanifungua ule ukanda wa leso bila kusema kitu, kijiti kikadondoka, akakiokota akanirudishia, kikadondoka, akakiokota, na wimbo haukukatika hata mara moja. Vidole vilijifunza kushika hivo, kwa kuogopa kuuharibu wimbo. Mpira niliubana kwa wiki ngapi sijui vidole havikunisikia, lakini hapa vilikuwa na kazi ya kufanya na mtu anaingojea.

Mtoto wa binamu yangu anasomea uuguzi, nlipomsimulia akaniambia hilo wamelifanyia utafiti Wajerumani. Waliochapisha mwaka 2007 waliwachukua watu waliopata kiharusi, ambao maishani hawakuwahi kupiga ala yoyote, wakawapa piano ya umeme na ngoma za umeme za kugonga, nusu saa kwa kikao, vikao 15 ndani ya wiki 3, juu ya matibabu yao ya kawaida. Mikono yao ikapata wepesi na mpangilio kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Na sababu waliyoitoa ndo ile ile niliyoihisi mimi kwenye mkeka: sikio linaurekebisha mkono. Ukigonga ukachelewa unasikia umechelewa, ukigonga dhaifu unasikia ni dhaifu, papo hapo, huhitaji kuambiwa. Ubongo unajipangia njia mpya kwa kurudia kitu mara nyingi sana, na mtu hawezi kurudia mara nyingi kitu kinachomchosha roho. Wimbo una beti kumi, na beti kumi zikiisha unataka nyingine. Mimi hesabu ya kugonga kwangu kwa alasiri moja nadhani ilipita mazoezi ya karatasi ya wiki nzima, na sikuwa hata nahesabu.

Mguu nao ulipata lake. Nlikuwa nauburuta, na njia zetu za Lamu mnazijua, jiwe limetokeza hapa, mtaro pale, punda anakuja na mchanga. Mjukuu wangu wa kiume akawa anatembea nyuma yangu na twari dogo, kingoma cha kushika mkononi, tunatoka alfajiri tunashika ufuoni kabla watu hawajajaa, yeye anapiga dum, dum, dum, na mimi naweka mguu pale panapolia dum. Nisipoipata dum anasubiri, alikuwa ashajifunza kwa shangazi yangu. Ajabu ni kwamba mguu unausikia mdundo kabla wewe mwenyewe hujaamua, unaona umeshanyanyuka. Na hili nalo wamelithibitisha zamani, kuna Michael Thaut, alikuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado (Colorado State), miaka ya 1990 alionyesha kwamba mtu wa kiharusi au wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, ukimpa mdundo ulio sawa sawa hatua zake zinanyooka na kurefuka. Masikio na sehemu ya ubongo inayoendesha mwili zina mawasiliano ya karibu sana. Ndo maana hata mtoto mchanga ukimpigia ngoma anacheza kabla hajajua kutembea.

Sasa nije kwenye moyo, manake mkono watu wanauona ila moyo hauonekani. Kiharusi kinaacha huzuni nzito, na sio ya kusema "huyu hana imani," ni ugonjwa, inasemekana katika watu watatu waliopata kiharusi kama mmoja hivi huingia kwenye sonona. Mimi nliingia. Nlikuwa silali, sitaki kula, naona nimekuwa mzigo kwa wanangu. Maneno ya kulieleza hilo sikuwa nayo, kihalisi kabisa sikuwa nayo. Sasa utaenda kwa mshauri ukamwambie nini ikiwa mdomo haufunguki?

Usiku mmoja nililichukua lile twari la mjukuu nikaliweka mapajani nikaanza kulipiga, kwa mkono wa kushoto, bila wimbo. Nilipiga kwa hasira. Nilipiga mpaka binti yangu akaja mlangoni, akasimama, hakuniambia nyamaza, akakaa chini akaanza kupiga makofi taratibu chini ya ule mpigo wangu, mimi naharakisha yeye hayumbi, mpaka mwisho nikajikuta nimemfuata yeye na pumzi imeshuka. Tukalia wote wawili. Usiku ule nililala mpaka adhana. Kuna watu Finland, utafiti wao ulitoka mwaka 2011, waliwachukua watu wazima 79 wenye sonona, wengine wakapata matibabu ya kawaida tu, wengine wakaongezewa vikao 20 vya muziki, na huko hawakuwa wanasikiliza, mgonjwa na mtaalamu wanapiga pamoja, ngoma na ala nyingine, bila nota, kile kinachotoka, alafu ndo wanazungumza. Waliopiga walipata nafuu zaidi ya sonona na ya wasiwasi. Nlipolisoma hilo sikuhitaji kushawishiwa.

Kusikiliza nako kuna faida yake, sikatai, nlipokuwa kitandani binti yangu aliniwekea kasida na taarabu za udi kwenye simu na zilinituliza. Lakini kusikiliza kulinituliza nikabaki pale pale. Kupiga kuliniinua. Ukipiga wewe ndo unayeifanya sauti iwepo, na kwa mtu aliyezoea miezi mingi kufanyiwa kila kitu, kuogeshwa, kulishwa, kuvishwa, hiyo ni heshima imerudi.

Kulikuwa na maneno, ntasema ukweli. Ami yangu mmoja, mtu wa msikitini, ninayemheshimu sana, hakupenda, akasema mgonjwa asomewe Qur'ani sio kupigiwa ngoma. Sikubishana naye na bado sibishani, kila mtu na alichokisoma. Shangazi ndo aliyemjibu, akamwambia kwani kila Mfungo Sita si mnajipanga mistari Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, matwari yanalia Maulidi ya Mtume yanasomwa na mji mzima unafurahi? Na mwanawe ami mwenyewe, aliyesoma Uturuki, akamwambia kule Edirne kuna hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili, ilimalizwa mwaka 1488, wagonjwa walikuwa wakipigiwa muziki kama sehemu ya matibabu, msafiri Evliya Çelebi aliiandika habari hiyo karne ya 17. Ami akanyamaza. Wiki iliyofuata akaja na twari lake la Maulidi, ngozi ya mbuzi, imevutwa vizuri, akaliotesha moto kwenye jiko la makaa mpaka ngozi ikakaza akanipa, akasema "Kama ni kasida, piga." Tukawa tunapiga kasida siku zake na vugo siku nyingine. Hilo nalo nimelipenda, manake dawa hii haifanyi kazi na muziki wa mtu mwingine. Lazima uwe ule uliokaa ndani yako tangu ujana, ule ambao dini yako na moyo wako vimeuridhia.

Na nisieleweke vibaya. Tiba ya muziki ni taaluma kamili, watu wanaisomea, Marekani chuo kikuu cha kwanza kuifundisha kwa digrii kilianza mwaka 1944 kule Michigan, wakati ule mahospitali yamejaa wanajeshi wa vita, na wataalamu wake wanafanya kazi pamoja na madaktari. Shangazi yangu sio mtaalamu wa aina hiyo na sisi hatujidai. Ukimpata mtaalamu, nenda kwake. Lakini ukiwa uko Lamu, au Faza, au Kipini, na una mgonjwa leo, kuna mambo unaweza kuyaanza bila kumdhuru.

Anza na sauti ndogo, ubongo uliojeruhiwa unachoka na kelele haraka sana, mimi mwanzoni watu watatu wakipiga pamoja kichwa kilikuwa kinazunguka. Wacha mapema, mgonjwa akiwa bado anataka. Bega lisiinuliwe. Presha ipimwe kama daktari alivyosema na dawa zisirukwe hata siku moja, muziki hauyeyushi damu iliyoganda. Na muwe macho na nyimbo zenyewe, kuna wimbo mmoja uliimbwa kwenye harusi yangu, marehemu mume wangu alikuwa hai, tulipouanza nikavunjika kabisa, shangazi akaubadilisha hapo hapo kwa mwingine wala hakuuliza. Umekuja kurudi baadaye sana, kwa kutaka kwangu mimi, na siku hiyo nililia kilio kizuri. Usimlazimishe mtu wimbo. Na zaidi ya yote anayempigia asiwe na haraka. Kijana mwenye kujua ngoma sana lakini hana subira, afadhali mtoto wa miaka tisa anayesubiri.

Siku hizi tunakaa uani kwangu baada ya alasiri, wanawake. Sio mimi tu mgonjwa. Yuko jirani mwenye baridi yabisi ya vidole, kijiti hawezi kukibana lakini kayamba analitikisa kwa viganja viwili, na anasema vidole vinakuwa vyepesi jioni ile. Yuko mama mmoja alitoka eda, mwanzoni alikuwa anakuja anakaa pembeni hasemi wala haimbi, tukampa upatu, ile sahani ya shaba ya kugonga, aushike mapajani tu, wiki nzima akaushika tu, alafu siku moja akaugonga katikati ya kibwagizo, pale pale panapotakiwa. Hakuna aliyegeuka kumtazama, tuliendelea. Sasa yeye ndo anaanzisha. Yuko na binti wa kazi za ofisini, mzima wa afya, anakuja kwa sababu anasema kichwa chake kinapumzika hapa tu, na mimi namuamini, ukiwa unagonga na kuimba na kuwasikiliza wenzako kwa wakati mmoja hakuna nafasi ya kufikiria deni.

Mimi mwenyewe niko wapi sasa? Naongea, ila nikichoka jioni maneno yanaanza kuteleza, hapo naimba kimoyomoyo na kugonga paja, neno linakuja. Kapu nabeba, chai namimina. Sindano ya kofia nimeanza tena, ile nene, kwa kutoboa na kuzungushia tundu kubwa kubwa. Tundu ndogo za kati bado mkono unatetemeka, hizo anazifanya binti yangu na mimi namkosoa. Daktari aliniambia wazi huenda usirudi wote, na nimelikubali hilo.

Juzi kanipigia mama mmoja wa Shela, mumewe alikuwa mvuvi, kapata kiharusi upande huo huo wangu, hasemi, na mpira wa kubana ameutupa nje ya dirisha. Akaniuliza aanze na nini, pembe atapata wapi. Nikamwambia pembe ziache kwanza, chukua sufuria ifudikize kwenye mkeka, mfunge mwiko mkononi kwa leso, alafu kaa mbele yake umuimbie ule wimbo walokuwa wakiuimba wakivuta jarife, ule wavu mkubwa, na mwisho wa msitari uivute sauti, umngoje. Akasema hajui kuimba. Nikamwambia mumeo anajua, wewe mngoje tu. Jumamosi nachukua boti niende nikawaone.